Kwa Treni Kuelekea Duara la Aktiki, Mwezi wa Januari

Niliondoka Dar es Salaam katika wiki ya kwanza ya Januari, wakati upepo wa kaskazi umeshashika na joto la mchana linawasukuma watu chini ya miembe. Siku hizohizo dunia huwa karibu na jua kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka: umbali hupungua hadi takriban kilomita milioni 147, ilhali mwanzoni mwa Julai hufikia milioni 152. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu safari yangu ilikuwa ya Norwei, ambako Januari ni mwezi wa theluji, na mtu anayeamini kwamba majira hutokana na dunia kulikaribia jua kisha kuliacha hawezi kueleza jinsi sayari moja inavyopata hari na barafu kwa siku moja.

Maelezo yenyewe, yaani kuinama kwa dunia, niliyaona chini, katika kivuli changu. Dar es Salaam jua la adhuhuri lilikuwa limepanda nyuzi 74 kutoka upeo wa macho, na kivuli hakikufika theluthi moja ya kimo changu. Oslo, mji ulio karibu nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta, jua lilifika nyuzi 7 tu, likakwangua mapaa ya nyumba, na kivuli kilinyooka barabarani zaidi ya mara saba ya urefu wangu. Maana yake ni kwamba mwanga ambao nyumbani ungeangukia mita moja ya mraba, huku ulikuwa umetandazwa juu ya mita saba na zaidi, tena baada ya kupita katika hewa nene na kupungua njiani. Mchana wenyewe ulikuwa wa saa sita hivi. Ardhi inayopokea mwanga hafifu namna hiyo, kwa muda mfupi namna hiyo, hupoteza joto usiku kuliko inavyolipata mchana.

Mpwa wangu, anayesoma Trondheim, alikuja kunipokea Oslo, tukapanda treni inayopita Lillehammer na kuvuka nyanda za juu za Dovre, ambako reli inapanda zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Nje kulikuwa na baridi kali iliyogandisha hata vioo vya behewa.

"Mjomba," aliniuliza, "kama ni kuinama kwa dunia, mbona huku kusiwe na baridi mwaka mzima?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, lakini haugeuki kulifuata jua. Katika mwaka mzima huelekea upande uleule wa anga, karibu na Nyota ya Kaskazini. Usiku ule, tulipofika Trondheim, anga lilikuwa safi, nikamwonyesha nyota hiyo ikiwa juu sana, nyuzi 63, sawa na latitudo ya mji, wakati kwetu Dar es Salaam haionekani kabisa kwa kuwa iko chini ya upeo wa macho. Kwa kuwa mhimili haubadili mwelekeo huku dunia ikilizunguka jua, kizio cha kaskazini kinachokuwa kimelipa jua kisogo mwezi Desemba hujikuta kimeliinamia mwezi Juni. Umbali nao una kazi yake, ila ni ndogo: mwanga unaoifikia dunia mwanzoni mwa Januari huzidi ule wa Julai kwa asilimia 7 hivi. Tena dunia ikiwa karibu na jua hukimbia zaidi, na kwa sababu hiyo kutoka sikusare ya Septemba (siku ambayo mchana na usiku hulingana) hadi ile ya Machi ni siku 179, na nusu nyingine ya mwaka ina siku 186. Watu wa kaskazini wamepunjiwa wiki moja ya baridi, na sikumsikia hata mmoja akilalamika.

Kutoka Trondheim hadi Bodø ni kilomita 729 za reli. Tulipofika kwenye nyika ya Saltfjellet giza lilikuwa limeshatanda, ingawa ilikuwa alasiri, na alama za mawe zinazoonyesha Duara la Aktiki hatukuziona. Duara hilo, mstari ambao kaskazini yake kuna angalau siku moja kwa mwaka jua halichomozi, ni ule mwinamo uliochorwa ardhini: toa nyuzi 23.4 katika 90, utapata latitudo yake. Mwinamo unapungua polepole mno, hivyo duara nalo husogea kaskazini kwa wastani wa mita 14 au 15 kila mwaka, na mawe yanaachwa nyuma.

"Na masika yetu je?" aliuliza mpwa wangu. Nayo yanatokana na chanzo hichohicho. Jua hupita juu ya utosi wa Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na ukanda wa mvua hulifuata kwa kuchelewa wiki kadhaa, ukileta masika na vuli. Kaskazi pia huvuma kwa sababu bara la Asia limepoa wakati kusini kumepata joto. Asia ikipashwa, pepo hugeuka na kusi huanza.

Bodø, adhuhuri, anga la kusini lilikuwa jekundu lakini jua lilibaki nyuma ya milima. Hata hivyo baridi ilikuwa nafuu kuliko ya Dovre, kwa kuwa mkondo wenye joto kutoka Atlantiki hupita pwani hiyo na bandari haigandi. Bahari huchelewesha majira vilevile, kwani hupoteza joto taratibu: mchana mfupi kuliko yote ulikuwa umepita tangu karibu na tarehe 21 Desemba, lakini wenyeji walitushauri tusubiri Februari, theluji ikolee. Mpwa wangu, ambaye alikuwa ameshanunua vifaa vya kutelezea, aliukubali ushauri huo. Mimi nilikata tiketi ya kurudi.