Jinsi tulivyomwondoa mdogo wangu kwenye mkate wa adhabu

Mdogo wangu yuko mahabusu kwenye jela moja ya kaunti huku Marekani. Alibishana na askari, trei ikamwagika, na kuanzia hapo akanyimwa chakula cha wenzake. Asubuhi, mchana na jioni analetewa kipande kimoja: maharage, kabichi, karoti, mkate na mafuta, vyote vimesagwa pamoja vikaokwa, vikafungwa kwenye karatasi. Kijiko hapewi. Wenyewe hukiita nutraloaf. Aliniambia, "Dada, kikifika kooni kinarudi." Suruali ikaanza kumvuka.

Wakili hatukuwa na uwezo naye, na hata tungempata, sheria ya mwaka 1996 inamtaka mfungwa amalize kwanza ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza kabla ya kwenda mahakama ya shirikisho. Kwa hiyo nikamwambia aombe fomu, aandike kwa mkono wake tarehe, alichopewa na alichoweza kumeza, kisha abaki na nakala. Halafu amwombe nesi ampime uzito na kuuandika kwenye faili. Hilo la uzito lisiachwe kabisa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa iliyoko Chicago ilifufua kesi ya mfungwa wa Milwaukee aliyetapika na kukonda kwa sababu ya mkate huo huo, na kupungua kwake uzito kulikuwa sehemu kubwa ya hoja.

Mimi niliandika barua mbili, kwa mkuu wa jela na kwa kitengo cha afya. Nilitaja kesi ya Hutto na Finney ya 1978. Kule Arkansas wafungwa walilishwa rojo lililookwa, chini ya kalori 1,000 kwa siku, na Mahakama Kuu ya Marekani ikasema huenda likavumilika siku chache, lakini kwa wiki au miezi ni ukatili. Nikataja pia Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015, zinazokataza kupunguza chakula au maji kama adhabu. Haziifungi jela, ila nilitaka wajue kwamba dunia imeshalikataa jambo hili. Mwenye njaa hafundishwi adabu kwa njaa.

Nesi alipolinganisha uzito wa zamani na wa sasa, daktari aliagiza arudishiwe trei. Malalamiko yenyewe yamejibiwa kwamba hayana msingi. Tumekata rufaa, maana kijana wa seli ya jirani bado analetewa kipande kile kile.