Chembe sahani chache, na damu ikaganda

Nilipandikizwa seli shina, yaani seli mama zinazotengeneza damu, ili kutibu saratani. Nilipewa na dada yangu. Zilishika vizuri na chembe nyeupe zikaanza kupanda. Kisha mkono uliokuwa na katheta, mrija wa kupitishia dawa ndani ya mshipa, ukavimba, ukawa mzito, na mishipa ikajitokeza hadi kifuani. Ultrasaundi ikaonyesha bonge la damu limeizingira katheta.

Nilimuuliza daktari: damu inagandaje wakati chembe sahani zangu, zile zinazosaidia damu kuganda, hazifiki hata 50,000? Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita. Mimi hata kupiga mswaki niliogopa, fizi zisije zikavuja. Akanieleza kwamba uchache wa chembe sahani haumkingi mtu na bonge la damu, maana kinachoumia ni utando wa ndani wa mishipa. Dawa kali za kabla ya upandikizaji huuchubua, katheta huukwaruza, na chembe za kinga za mchangiaji zikianza kuushambulia mwili wa mpokeaji, utando huo nao haunusuriki. Nilipewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa nusu dozi, huku chembe sahani zikipimwa kila asubuhi.

Kilichonitesa zaidi ni takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Ndiyo iliyozizuia chembe za dada zisiniharibu ngozi, ini na utumbo. Vipele vya viganjani na nyayoni vilikuwa tayari vimeanza. Lakini dawa hiyohiyo inaweza kujeruhi mishipa midogo, ya figo hasa, vijibonge vikaziba humo na chembe nyekundu zikapasuka zikijipenyeza. Presha yangu ilipanda, protini ikaonekana kwenye mkojo, na kwenye hadubini wakaona vipande vya chembe nyekundu. Kuiacha dawa kungeweza kuchochea mashambulizi, kuendelea nayo kungeweza kuziua figo. Waliiondoa polepole na kuongeza steroidi, ambazo nazo hutuliza kinga, na kwa muda mrefu tuliishi kwa majibu ya maabara.

Dada aliniuliza kama chembe zake ndizo zinazoniumiza. Nilimjibu ndiyo, na kwamba ndizo pia zinazoisaka saratani iliyobaki. Alilia, nami nikalia.

Wewe uliyepandikizwa, au unayemuuguza aliyepandikizwa, tafadhali: mkono au mguu mmoja ukivimba, pumzi ikikata, presha ikipanda bila sababu, au uzito ukiongezeka haraka huku tumbo likiuma upande wa kulia, usingoje siku ya kliniki. Wapigie simu madaktari wako saa hiyohiyo, hata usiku.