Bradford Peck wa Lewiston

Wengi wetu tunaoishi Lewiston, jimbo la Maine, tunapita Main Street mbele ya jengo la B. Peck bila kujua Peck alikuwa nani. Wasomali walitutangulia hapa kuanzia 2001, kisha wakafuata Wakongo, Warundi na wengineo, na viwanda vya nguo vilivyoulisha mji huu tulikuta vimeshakufa. Mimi ni wa Moshi, mtoto wa mkulima wa kahawa, na habari za mzee huyu zimeniingia sana.

Alizaliwa 1853. Utotoni alifanya kazi Boston katika duka la Jordan Marsh: anachukua pesa kwa muuzaji, anakimbia nazo kwa mshika fedha, anarudisha chenji. Mwaka 1880 akafungua duka lake Lewiston, na mahali alipachagua vizuri. Viwanda vya pamba vilijaa wafanyakazi, wengi wao Wakanada wa Quebec wasemao Kifaransa, walioshuka na treni. Mshahara ukitoka, waliingia kwa Peck.

Jengo kubwa likasimama 1899. Hapo wengine wangestarehe. Yeye mwaka 1900 akatoa riwaya, *The World a Department Store*: mtu analala, anazinduka 1925 na kukuta Lewiston nzima inaendeshwa kama duka moja la ushirika, watu wote wakifaidi. Wala hakuishia kwenye karatasi. Alianzisha chama, Co-operative Association of America, akakitilia mali yake mwenyewe. Chama hakikufika mbali. Duka la biashara ndilo lililodumu, hadi miaka ya 1980.

Ninachokiwaza ni hiki: mwaka huohuo wa 1925 alioubuni yeye, wakulima wa Kilimanjaro walianzisha kweli chama chao cha kahawa, Kilimanjaro Native Planters' Association, na 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao wa kahawa, iliyopo mpaka leo. Peck alikuwa bado hai. Nia yake ilikuwa njema kabisa, naamini, ila ushirika wake ulishuka kutoka kwa tajiri kwenda kwa wafanyakazi wake, na sidhani wao waliwahi kuuona kuwa wao. Wachaga walianza na kahawa iliyokuwa mashambani mwao, wakibanwa na walowezi waliotaka wasiilime. Ndugu mnaofungua maduka Lisbon Street, mkikaa kuzungumzia kununua mzigo pamoja, mzungumzieni na mzee Peck.