Mlenda wa maabara

Mwaka 2016, nikiwa mwanafunzi wa maabara Dar es Salaam, nilimpoteza bakteria aitwaye Klebsiella niliyekuwa nikimlea kwa miezi minne.

Alitoka kwenye usaha wa ini la mgonjwa. Tulimwotesha kwenye agari ya MacConkey, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, na kesho yake sahani ilikuwa imejaa koloni, yaani vikundi vya bakteria, za waridi, zinang'aa kana kwamba zimemwagiwa asali. Shangazi, ndivyo tulivyomwita mtaalamu mkongwe wa chumba kile, akanipa kitanzi cha waya. "Gusa, halafu inua polepole." Uzi ukafuata kitanzi, ukarefuka, ukagoma kukatika. Ukizidi milimita 5 tu, kipimo cha mnato ni chanya. Wangu ulikaribia sentimita 3.

"Mlenda huo, mwanangu. Klebsiella wa hivi chembe nyeupe za damu zinamkamata wapi? Anateleza."

Utelezi wenyewe ni koti la sukari linalomzunguka bakteria. Jeni za kutengeneza koti hilo zimepangana kwenye kromosomu, na mojawapo ni wzi, inayosaidia kulishikiza koti kwenye utando wa nje wa bakteria. Nyingine, rmpA, mara nyingi hukaa pembeni, kwenye plasmidi, duara la DNA lililo nje ya kromosomu, na kazi yake ni kuchochea uzalishaji. Nilitaka kuziona zote mbili kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, lakini praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, ziliagizwa nje. Nikasubiri. Shangazi alishaniambia nimgandishe kwenye gliseroli siku ileile ya kwanza, ahifadhike bila kubadilika, nikasema kesho. Badala yake, kila wiki nilimhamishia sahani mpya.

Praima zilipofika, wzi ilitoa mkanda safi kwenye jeli, ishara kwamba jeni ipo. Upande wa rmpA, giza. Nikarudia mara tatu, nikabadili maji, nikailaumu mashine. Ndipo nikakumbuka kitanzi. Nikagusa, nikainua: uzi ukakatika palepale, kama uji mwepesi.

Sukari nyingi namna ile ni mzigo, na kwenye sahani hakuna chembe nyeupe ya kukimbiwa. Waliotupa plasmidi walikua haraka kuliko wenzao. Nami niliwasaidia: kila wiki nilichota zile koloni zisizonata, kwa kuwa zenye mlenda zilinichafulia kitanzi. Hili la mwisho sikuliandika kwenye ripoti.

Nilimpelekea Shangazi sahani. Akaigeuzageuza kwenye mwanga, akanirudishia.

"Haya. Sasa ugali tunaula na nini?"