Shakespeare ndani ya somo letu la insha

Hapa Texas, anayesomesha wanawe nyumbani huchagua vitabu mwenyewe, mradi afundishe kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Siku yetu ilikuwa imeshajaa, kwa hiyo Shakespeare sikumpa kipindi chake. Nilimtia kwenye insha: muhula mmoja, tamthilia moja, na mazoezi yote ya kuandika yatoke humo.

Tulianza na Julius Caesar, tamthilia ya mtawala wa Roma anayeuawa na wenzake. Kiingereza cha miaka 400 iliyopita ni kigumu kwa binti wa miaka 13, basi kila onyesho tulilisoma kwanza kwa sauti katika Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, tukigawana wahusika, ndipo tukafungua Kiingereza.

Tendo la kwanza lilitupa barua. Cassius, mmoja wa wanaokula njama dhidi ya Caesar, anataka kumvuta Brutus ajiunge nao, basi anapanga kumtupia dirishani barua zenye miandiko tofauti, zionekane zimetoka kwa raia wengi. Binti akaziandika: ya fundi viatu, ya mzee wa baraza, ya askari mstaafu, kila mmoja na lugha yake.

Lakini utajiri wenyewe uko tendo la tatu, kwenye mazishi ya Caesar, na hapo tulikaa wiki kadhaa. Brutus, ambaye sasa ni mmoja wa wauaji, anasema kwa nathari, sababu juu ya sababu, na umati unamshangilia. Antony, rafiki wa Caesar, anakuja na mashairi. Anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima mpaka sifa inageuka tusi. Anautaja wasia wa Caesar, anauzuia, anaonyesha joho lake lililotobolewa kwa visu, na mwisho kabisa ndipo anausoma: drakma 75 kwa kila Mroma. Tulitia rangi: hoja buluu, hisia nyekundu, marudio kijani. "Mama, Antony hajamwita Brutus mwongo hata mara moja!" Kisha akaandika hotuba mbili za kuomba simu yake mwenyewe, moja kwa njia ya Brutus, nyingine kwa njia ya Antony, akamsomea baba yake. Baba aliguswa na ya pili. Mimi ile ya kwanza ndiyo niliyoipa alama zaidi, kwa kuwa hoja zake zinasimama hata ukizisoma kimyakimya.

Kifo cha Cinna, mshairi anayeuawa na umati kwa kufanana jina na mmoja wa wauaji, kikawa taarifa ya habari. Pale penye "kwa nini" alihangaika sana, na ndipo palipotoka aya yake bora kuliko zote.

Vita vya Filipi, vinavyofunga tamthilia, tulivisoma tu. Muhula ujao ni Macbeth, na tutaanza na barua anayomwandikia mkewe.