Mwalimu alishuka Kyotera

Mchango wa hija ya Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, ulitangazwa kanisani kwa bei moja, na kufikia wiki ya safari ulikuwa umepanda mara mbili. Mafuta yamepanda, tukaambiwa. Kosta yenyewe ilipofika ilikuwa na viti vilivyochanika, nami nikaangukia kile cha kukunja cha katikati ya njia, kisicho na pa kuegemea. Toka Bukoba hadi mpakani sikuona kitu. Hata daraja la Kyaka tulilivuka nikiwa nimeinama, nimekumbatia ndoo ya vitumbua ya mtu.

Kiongozi wetu alikuwa katekista, ambaye kwetu kila mtu humwita Mwalimu, hata paroko. Amefundisha komunyo ya kwanza na kipaimara kwa miaka mingi, na tuliopita mikononi mwake tunakumbuka fimbo yake kuliko katekisimu. Hasira za Mwalimu zinajulikana kigango kizima. Aliwahi kumfukuza bwana harusi kwenye mafundisho ya ndoa kwa kuchelewa, kesho yake akapanda baiskeli hadi kwao kuomba radhi. Huwaka asubuhi, jioni anabisha hodi. Wapo wanaomcheka: katekista gani huyu, anaungama kuliko anaowafundisha?

Mutukula, pale mpakani, siku hizi mambo ni mepesi, unagongewa mihuri ya kutoka na kuingia katika jengo moja. Tatizo liko nje, kwa vijana wanaobadilisha fedha. Mama mhazini alitangulia na hela za kundi. Kijana akamhesabia shilingi za Uganda mbele ya macho yake, upesi upesi, vidole vikipita kwenye ncha za noti kama mtu anayetafuta mstari kwenye Biblia. Zilikuwa kamili. Alipofika kwenye gari na kuzihesabu upya, zimepungua. Noti kadhaa zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja ikatoa ncha mbili, ikahesabika mara mbili.

Mwalimu hakuuliza mengi. Alimkuta kijana bado yuko palepale, anamhudumia mwingine.

"Lete hela ya watu."

"Mzee, mimi nimeshampa zote."

Kibao kilisikika hadi kwenye foleni ya malori. Kofia ya kijana ikaruka, na alipojaribu kurudi nyuma mkanda wa ndala yake ukakatika, akaanguka kwa makalio. Akatoa noti zilizobaki akiwa bado amekaa chini. Wamama wakapiga vigelegele. Tuliondoka upesi kabla wenzake hawajakusanyika, na ndani ya gari ukaanzishwa wimbo wa shangwe kama tumeshinda vita. Mwalimu hakuimba. Alikaa dirishani, kimya.

Tulipofika Kyotera, tukiwa tumeshaingia Uganda, akasimama. "Dereva, nishushe hapa. Narudi Mutukula. Tangulieni, tutakutana kulekule."

Gari zima likalipuka. Dereva akageuka kwenye usukani: "Kwa yule mwizi, Mwalimu?"

"Mwizi ni yeye. Kibao ni changu."

Mama mhazini, ambaye ndiye aliyetetewa, ndiye aliyekasirika kuliko wote. Aliyeongea na watu wa malazi kwa simu ni Mwalimu, sasa yeye akifika Kampala aseme nini, na kwa lugha gani? Mzee mmoja wa nyuma akasema akaungame Namugongo, mapadre watajaa, shida iko wapi? Mwalimu akamjibu kwa Matayo sura ya 5: ukileta sadaka madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache palepale, ukapatane naye kwanza. Hapo ukazuka mjadala ambao sikuutarajia kwenye kosta. Je, ndugu ni pamoja na aliyekuibia? Mmoja akashikilia kwamba ndugu pale ni ndugu katika imani, na yule kijana hatujui hata anasali wapi. Mwingine akauliza kama kuna mwenye neno juu ya Mwalimu zaidi ya huyo aliyelambwa kofi hadharani. Dereva akakata shauri kwa kutukumbusha kwamba kusubiri nako kuna bei.

Mwalimu akashuka na kimkoba chake. Tulimwacha akibishana nauli na kondakta wa taksi, kama wanavyoita daladala kule. Hakuna aliyemchangia hata mia. Tulikuwa tumenuna.

Njia iliyobaki sina la kuisimulia, ila kuku wa kuchoma wa Lukaya ni mtamu na muuzaji anajua hivyo, na foleni ya kuingia Kampala haikuwa ya binadamu. Namugongo tulilala nje, juu ya mkeka ulionunuliwa kwa bei ya godoro, tukizungukwa na maelfu ya watu, wengine wametembea kwa miguu toka Kenya. Choo, unalipia. Maji ya kuoga, unalipia na bado unapanga foleni.

Asubuhi kijana mmoja wa seminari alitutembeza kwa Kiswahili cha Kampala. Basilika ina umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda, na nguzo zake ni 22, sawa na idadi ya mashahidi Wakatoliki waliouawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Waanglikana 23 nao wana mahali pao pa kumbukumbu jirani. Altare iko pale alipochomwa Karoli Lwanga, peke yake, moto ukianzia miguuni. Haya nilifundishwa na Mwalimu kwa fimbo. Nisichokumbuka kufundishwa ni habari za Bruno Sserunkuma, askari wa ikulu. Alikuwa na hasira za kutisha, na hata baada ya kubatizwa aliteleza kwa wanawake, akakaripiwa, akawaacha, akatubu. Mwaka mmoja haukupita akawa miongoni mwa waliochomwa tarehe 3 Juni 1886. Akiwa njiani kupelekwa kufa alimwambia kaka yake kwamba kisima chenye chemchemi nyingi hakikauki.

Kwenye picha iliyoko kanisani kwetu wote wamevaa nguo nyeupe, nyuso laini, huwezi kujua yupi ni Bruno. Nilikaa pale kivulini nikiwaza nyumbani. Kuna mwenyekiti wa jumuiya yetu aliyekuwa akiongoza rozari vizuri sana, watu wakamwona amelewa siku moja, basi. Hakufukuzwa na mtu. Aliacha mwenyewe, akisema hataki kuwa mnafiki, nasi tukaona huo ndio uungwana. Kwetu ukionekana kilabuni Jumamosi, Jumapili watu hawaangalii altare, wanaangalia kama utasimama kwenda kupokea komunyo. Wengi huona heri wabaki kilabuni, ambako angalau hakuna anayewatazama.

Alasiri nikasikia sauti ninayoijua getini. Mwalimu, vumbi hadi kwenye nyusi, kidole juu, anamfokea kijana wa bodaboda aliyempandishia nauli baada ya kufika. Kijana naye anajibu kwa Kiganda. Mama mhazini alikimbia, mimi sijawahi kumwona akikimbia, akamlipa yule kijana nyongeza yake na kumsukuma aondoke.

"Huyu akipigwa," akaniambia, "tutalala hapa hadi Jumapili."

Tukamkalisha, tukampa maji. Ikabidi asimulie. Kijana wa Mutukula alipomwona alidhani ameletewa polisi, akatoka mbio, na Mwalimu akamfukuza katikati ya malori akipiga kelele "Nisamehe! Nisamehe!" hadi madereva wakashuka kutazama. Alipomkamata, kijana akadai ndala mpya na hela ya pole. Akapewa vyote. Usiku ukamkuta hapohapo, akalala kwenye benchi la mlinzi.

"Akakwambia nini lakini?" mzee wa nyuma akauliza.

"Akasema, kama kweli nimetubu, nibadilishe hela kwake."

"Ukabadilisha?"

"Nikabadilisha. Nikahesabu mara mbili."

Wamama wakacheka hadi wakalala mkekani. Mwalimu akauliza mapadre wanaoungamisha kwa Kiswahili wako wapi. Nikamwonyesha, chini ya miti, foleni imefika kwenye vibanda vya rozari.

"Si umeshapatana na mtu wako?" mama mhazini akamwambia. "Kula kwanza."

"Na huyu wa pikipiki je?" Akanipa mkoba wake, akaenda kupanga foleni.

Tulimwekea matoke na mchuzi wa karanga, sahani moja, kwa bei ambayo Bukoba unabeba mkungu mzima.