Siku moja na ubongo wa mjusi kafiri, Malindi

Saa 11 alfajiri. Naamka na wasiwasi mmoja tu, stima. Jana usiku zilipotea kama nusu saa hivi na slaidi zangu za vipande vya ubongo zimelala kwa friji ya maabara ndani ya kingamwili (protini inayonata kwa kile kitu unachokitafuta tu), zataka nyuzi 4 usiku kucha, na kile kichupa cha kingamwili bei yake we acha tu.

Saa 1. Chai, mahamri, mbaazi. Bibi aniuliza kama kila siku, "Mjukuu wangu, bado wapasua mijusi kafiri?" Kwake yeye huyo ndo alopuliza moto wa Nabii Ibrahim, ukimuua wapata thawabu, sasa mtu mzima kumkata ubongo vipande vya mikromita 30 akae avihesabu hiyo ni kukosa kazi. Namwambia bibi, thawabu nshapata za kutosha, sa hizi natafuta digrii.

Saa 3 niko maabara, alhamdulillahi friji bado baridi. Nachotafuta ni vasotosini, neuropeptidi, yaani kijiprotini cha kupeleka ujumbe kinachotengenezwa na seli za ubongo, ya asidi amino 9 tu, na vasopresini yetu sisi zinatofautiana asidi moja, ile ya 3. Inamzuia mjusi asipoteze maji, tena ndo hiyo hiyo inakaza misuli ya mirija ya mayai wakati wa kutaga, hata kwa kasa wanaopanda ufukweni kule Watamu. Kwa tokay, Gekko gecko, yule mjusi mkubwa wa Asia, ramani ya vasotosini ubongoni ilishachorwa 1985 ikaonyesha dume na jike hawafanani, mie nataka kuona hawa wa ukutani kwetu wakoje.

Osha, kingamwili ya pili (ya kushika ile ya kwanza), osha, ngoja, osha tena. Hapo hakuna la kusimulia.

Saa 7 baada ya dhuhuri natia rangi ya DAB, inayogeuka kahawia pale kingamwili iliponata (glavu mbili, ile si ya kuchezea) na dakika chache tu kahawia inaanza kutoka. Kwa hadubini mashallah, seli kubwa kubwa zimejipanga kando ya ventrikali ya tatu, kile kiuwazi cha maji katikati ya ubongo, kwenye haipothalamasi huku chini, nyuzi zao zinateremka kuelekea pituitari, tezi ya chini ya ubongo, kama nyavu imeanikwa. Halafu huku juu nikaona vidoti vingine, vingi, mahali sikuvitarajia kabisa, moyo ukanienda mbio nikahesabu mpaka 212 nshaanza kuota nimegundua kitu.

Saa 9 nikakumbuka kuangalia slaidi ya kulinganishia, ile ambayo haikutiwa kingamwili ya kwanza, yatakiwa iwe tupu. Vidoti vile vile! Vimepangana mstari, ndani ya mishipa. Damu. Chembe nyekundu za reptilia zina kiini, si kama zetu, kwa hivyo ukiwa na haraka waziona kama viseli, na hemoglobini yake inashika DAB vizuri sana kama hukuizima kwanza kwa haidrojeni peroksaidi. Na mie jana niliizima! Ama nilidhani.

Nikatoka hadi kwa mama wa viazi karai nje nikamuomba kiazi kibichi kimoja, nikakikata nikakidondoshea peroksaidi yetu, maana ikiwa nzima hutoa povu kwa kiazi kibichi. Hakuna povu hata chembe. Chupa imekaa dirishani na hili joto tangu Ramadhani, imebaki maji matupu. Seti nzima ya slaidi kwisha.

Saa 3 usiku, nyumbani. Mjusi yuko kando ya taa anavizia kumbikumbi, bibi keshavua kandambili. Akarusha, akamkosa.